Baji, kokatieli au lavubadi: yupi amfaa anayepokea kasuku mdogo kwa mara ya kwanza?

Kibarazani (mwanzilishi wa mada)

Salaam, wanajukwaa. Nyumbani tumekubaliana kupokea kasuku mdogo ambaye mwenyewe hawezi tena kumtunza, badala ya kununua kinda. Hadi sasa tumeelekezwa kwa watu watatu. Wa kwanza ana baji wawili waliokaa pamoja tangu wakiwa wadogo. Wa pili ana kokatieli dume wa miaka sita, anayepiga mluzi na kupanda mkononi bila shida. Na wa tatu ana lavubadi jike wa peke yake, ambaye tumeambiwa kwamba ni "mkali kidogo tu". Sisi ni watu wanne, tunaishi katika nyumba tunayochangia ukuta na majirani, na kuanzia mchana hakosekani mtu nyumbani. Hakuna kati yetu aliyewahi kufuga ndege. Naomba mnieleze tutarajie nini kwa kila mmoja wao, na mkiweza mzungumzie zaidi kero kuliko sifa, kwa kuwa sifa nimekwisha kuzisikia kutoka kwa hao wanaotaka kuwatoa.

Mzee wa Tundu

Ndugu Kibarazani, umeuliza vizuri, na hilo neno "kidogo tu" ulilitilia alama mahali panapostahili.

Nianze na umri, maana ndio jambo ambalo wengi hulipuuza. Baji huishi kati ya miaka mitano na kumi, na akitunzwa vyema huweza kuipita hiyo. Lavubadi hufika kumi hadi kumi na mitano. Kokatieli huishi miaka kumi na mitano hadi ishirini, kwa hiyo huyo wa miaka sita mnayedhani ni mtu mzima anaweza kukaa nanyi mpaka watoto wenu watakapokuwa wamehama nyumbani. Jiulizeni mapema ni nani atakayebaki naye.

Kuhusu sauti, usidanganywe na ukubwa wa mwili. Baji ana gramu 30 hadi 40 tu na hupigapiga gumzo karibu mchana kutwa, lakini gumzo lake ni la chini na halipenyi ukuta kirahisi. Kokatieli hunyamaza kwa muda mrefu, kisha akiona mtu wake ametoka chumbani humwita kwa mluzi mkali, na ataurudia mpaka aitikiwe. Lavubadi ana sauti nyembamba yenye makali, hasa alfajiri na magharibi, nayo ndiyo itakayowaletea jirani mlangoni.

Kuhusu kusema, baji dume ndiye hodari kuliko wote watatu. Yupo baji mmoja wa California aliyeitwa Puck, aliyeingizwa katika rekodi za Guinness kwa kujua maneno 1,728. Hata hivyo, baji husema haraka na kwa sauti ndogo, kiasi kwamba mgeni husikia mlio mtupu pale ambapo wenyeji husikia sentensi. Tena baji wenu ni wawili, na wanaokaa wawili huzungumza lugha yao wenyewe. Kama mnachotamani ni ndege wa kusema, msimchukue yeyote kwa sababu hiyo.

Bi Kishungi

Nakubaliana na Mzee katika mengi, ila naona kokatieli amempita kwa haraka mno, nami nafuga hao.

Faida yake kubwa kwa mtu asiye na uzoefu ni kwamba husomeka. Kishungi chake kikiwa kimelala nusu, ametulia. Kikisimama wima kabisa, kuna kitu kimemshtua au kimemvutia. Kikibanwa kikalala bapa juu ya kichwa huku akitoa mlio wa kufoka, rudisha mkono wako, kwa maana ameshakuonya na hatua inayofuata ni kung'ata. Baji na lavubadi nao hutoa ishara, lakini ni za macho, shingo na manyoya ya kichwa, na mgeni huchukua muda kuzitambua. Ndege wa miaka sita ambaye tayari hupanda mkononi amewapunguzia kazi ambayo kwa mwingine ingechukua miezi.

Kero zake ni mbili. Ya kwanza ni hofu ya usiku: katikati ya giza, kivuli au mtikisiko mdogo humfanya aruke ovyo ndani ya tundu hadi avunje manyoya ya mabawa, na manyoya machanga yakivunjika hutoka damu. Taa ndogo hafifu karibu na tundu husaidia sana. Ya pili ni unga. Mwili wake hutoa unga mweupe wa manyoya ambao hukaa juu ya meza, juu ya televisheni, na juu ya nguo nyeusi hasa. Ukimkumbatia kifuani utaona alama yake. Kumpa maji ya kuogea au kumnyunyizia mara kwa mara huupunguza, lakini hauishi.

Cherero

Mimi nawatetea lavubadi, ingawa si lazima nimshauri Kibarazani amchukue huyo.

Lavubadi ni wa Afrika na Madagaska, tofauti na baji na kokatieli ambao asili yao ni Australia, na ni ndege mwenye ujasiri usiolingana na umbo lake. Jike hasa huliona tundu kuwa ni milki yake. Ndege yuleyule anayetulia begani mwako sebuleni atakushambulia ukiingiza mkono kubadilisha maji, na mdomo wake hutoboa ngozi. Hilo si uchokozi. Analinda kiota, hata kama kiota hakipo. Mpe karatasi uone: lavubadi wa uso wa waridi ataikata vipande vyembamba vilivyonyooka, kimoja baada ya kingine kwa upana unaokaribiana, kisha atavichomeka kati ya manyoya ya kiuno ili avibebe. Mtu aliyemzoea hutoa bakuli wakati ndege yuko nje, na ugomvi unakwisha hapo hapo.

Kwa hiyo "mkali kidogo tu" inaweza kuwa na maana mbili. Kama anang'ata akiwa tunduni pekee, huyo ni lavubadi wa kawaida. Kama anang'ata hata akiwa nje, mbali na tundu, na mtu ametulia bila kumgusa, basi anaogopa watu, na kumrejesha kunahitaji mkono wenye subira na uzoefu. Nendeni mkamwone akiwa nje ya tundu kabla ya kuamua.

Na jambo moja lisilo na mjadala: asiwekwe tundu moja na baji. Lavubadi huwang'ata ndege wadogo vidole na miguu, na madhara yake huwa makubwa.

Mhudumu wa Kliniki

Nafanya kazi katika kliniki ya wanyama, na nimeshangaa kwamba hadi sasa hakuna aliyeuliza kama nyumbani kuna mtu mwenye pumu au mzio. Kokatieli ni miongoni mwa ndege wanaotoa unga mwingi, na hao wengine, ingawa hutoa kidogo, si kwamba hawatoi kabisa. Swali hili litangulie mengine yote.

Baada ya hapo, yupi mtakayemchagua, mpelekeni kwa daktari anayejua ndege ndani ya siku za mwanzo. Kasuku wanaweza kubeba bakteria waitwao Chlamydia psittaci bila dalili za wazi, na ugonjwa wake huwapata binadamu kwa kuvuta vumbi la kinyesi kilichokauka, ukianza na homa, kichwa kuuma na kikohozi. Kinyesi kisifagiliwe kikiwa kikavu. Kilowesheni kwanza ndipo mkifute.

Nunueni pia mizani ndogo ya gramu. Ndege huficha ugonjwa wake, kwa kuwa porini mgonjwa ndiye anayekamatwa kwanza, na siku mtakayomwona amejikunyata chini ya tundu huenda amekuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Mizani huwahi kusema. Baji wa gramu 35 akipungua gramu tatu au nne, amepoteza takriban sehemu ya kumi ya mwili wake, ingawa kwa macho haonekani kuwa tofauti.

Kuhusu chakula, tarajieni kupokea ndege aliyezoea mbegu peke yake. Mbegu zina mafuta mengi na upungufu wa vitamini A na kalsiamu. Msimbadilishie ghafla, kwa maana kuna ndege atakayekaa na njaa mbele ya chakula asichokijua. Changanyeni kidogokidogo punje za kiwandani na majani ya kijani yaliyooshwa, huku mkimpima. Parachichi, chokoleti, kahawa na pombe ni sumu kwake.

La mwisho, angalieni jikoni. Vikaango na vyombo vyenye utando wa kuzuia chakula kushika, vikipata moto kupita kiasi, hutoa mvuke unaoweza kumuua ndege kwa dakika chache hata akiwa chumba kingine.

Kibarazani

Nawashukuru nyote. Mhudumu, umegusa penyewe: mwanangu mdogo ana pumu, imetulia na anatumia dawa, na sikufikiria kwamba kuna tofauti kati ya ndege na ndege. Bi Kishungi, naona kokatieli ametutoka, ingawa ndiye aliyetuvutia zaidi. Je, baji nao tuwaache?

Bi Kishungi

Kwa hali hiyo hata mimi siwezi kumtetea. Mwacheni aende kwa wengine. Ndege wa mkononi kama huyo hatakosa nyumba.

Mhudumu wa Kliniki

Si lazima muwaache baji, lakini msiamue hapa jukwaani. Muulizeni kwanza daktari anayemtibu mtoto. Akiridhia, nendeni na mtoto nyumbani kwa mwenye baji mara kadhaa, mkae chumba kile kile chenye tundu, mkiangalia kifua chake siku hiyo na inayofuata. Wakija kwenu, tundu lisikae katika chumba anacholala, na kulisafisha iwe kazi ya mtu mzima wakati mtoto hayupo. Kichujio cha hewa kizuri husaidia, ila hakichukui nafasi ya kitambaa chenye maji.

Mzee wa Tundu

Naongezea kuhusu hao wawili. Watu watakuambia kwamba baji wawili hawamzoei binadamu, na kwamba heri uwatenganishe. Sikubaliani. Ni kweli kwamba hawatakuhitaji kama anavyokuhitaji ndege wa peke yake, lakini kwa familia ambayo asubuhi nyumba ni tupu, hilo ni jema. Baji ni ndege wa makundi. Aliyeachwa peke yake saa nyingi hupiga kelele au hukaa kimya kusikokuwa kwa kawaida, na wengine huanza kujinyonyoa. Shuke la mtama likishikwa mkononi kila siku kwa utulivu huwaleta wote wawili, yule jasiri akitangulia na mwenzake akimfuata kwa kutotaka kuachwa.

Jinsia yao mwangalie wenyewe. Kijinyama kilicho juu ya mdomo, penye matundu ya pua, kwa kawaida huwa cha buluu kwa dume aliyekomaa na cha kahawia kwa jike, ingawa baadhi ya rangi za kufugwa huchanganya. Ukiona mistari ya paji la uso inashuka mpaka kwenye mdomo, huyo bado mchanga. Kama ni dume na jike, msiwawekee sanduku la kutagia, la sivyo mtakuwa na baji sita kabla hamjajifunza kutunza wawili.

Cherero

Na mabawa je? Mwenye baji anaweza kuwa ameyakata. Mimi sipendi kukata. Ndege asiyeruka hunenepa na kuogopa, na hukimbilia kung'ata kwa kuwa hana njia ya kuondoka.

Mzee wa Tundu

Hapo tutatofautiana kidogo, kwa sababu nimeona nyumba zenye feni za darini na milango isiyofungwa. Lakini kwa baji wawili wenye chumba kimoja kilichofungwa madirisha na kufunikwa vioo, nakubali: waacheni waruke. Manyoya yaliyokatwa huota upya wakati wa kupukutisha, msiyavute.

Kibarazani

Daktari wa mtoto ameturuhusu kujaribu kwa masharti hayo hayo ya Mhudumu, na tumekwisha kwenda mara ya kwanza kuwaona. Mtoto hakupata shida. Tundu lao ni refu na jembamba, na mwenyewe anasema tukitaka tunaweza kuliacha tukanunua jingine. Kuna lolote la kuuliza kabla ya kuwachukua?

Mzee wa Tundu

Ulizeni wanakula nini na saa ngapi, wanalala wakifunikwa au la, waliwahi kuugua nini, na wamewahi kukaa karibu na ndege wengine hivi karibuni. Ombeni mfuko wa chakula chao cha sasa kitakachotosha wiki za mwanzo. Tundu jipya liwe pana kuliko urefu wake, kwa sababu ndege huruka kwa kukata mbele na si kwa kupanda juu, na nafasi kati ya nondo isizidi sentimita moja na robo, vinginevyo kichwa kitapita na kukwama. Vijiti viwe vya unene tofauti, vya mti halisi, si vile vya plastiki vinavyolingana.

Ila lile la zamani msiliache. Wachukueni ndani yake, mliweke mahali palipotulia ukutani, mbali na jikoni, na muwape giza kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili kila usiku. Siku za mwanzo huenda wasilie wala wasile mbele yenu. Angalieni kinyesi na mizani badala ya kuwasogelea. Wakishaanza kula na kupiga gumzo kama kawaida, ndipo muwahamishie kwenye lile pana.