Faini ya maegesho Uingereza: mashine mbovu, simu imegoma, nifanyeje?

Wadau, naombeni ushauri. Nipo Uingereza, nje ya London. Jumamosi niliegesha kwenye maegesho ya halmashauri. Mashine ya kulipia ilikuwa moja tu, imefunikwa mfuko mweusi. Nikajaribu programu ya simu: inazunguka weee, mwisho "malipo hayajakamilika". Nikapiga namba ya kwenye kibao, haipokelewi. Mvua inanyesha, mtoto analia. Nikaacha kikaratasi kwenye dashibodi kwamba mashine ni mbovu. Narudi baada ya dakika 40, nakuta faini imebandikwa kiooni.

Najua nikilipa ndani ya siku 14 ni nusu. Pia naweza kuwaandikia kupinga. Wakikataa nisubiri notisi rasmi wanayomtumia mmiliki wa gari, nipinge tena ndani ya siku 28, kisha rufaa kwenye baraza huru, ambayo ni bure. Kinachonitisha ni kuikosa hiyo nusu.

Picha ya mfuko ninayo, na ya skrini inayoonyesha saa. Zinatosha, au niwadai kumbukumbu za ubovu wa mashine? Kuna aliyeshinda kwa hali kama hii? Mume wangu anasema lipa yaishe, ila roho inaniuma.