Naomba ushauri: van ipi inafaa kugeuzwa chumba cha safari?

Wakuu, salaam. Natafuta van ya mizigo iliyotumika, niijenge mwenyewe iwe ya kulala safarini: kitanda, jiko dogo, tangi la maji, betri na sola. Rangi na redio sijali kabisa.

Fiat Ducato inanivutia maana bodi yake imenyooka pembeni, ndani ina upana wa karibu sentimita 187, hivyo kitanda kinakaa kwa kukingama na nafasi inabaki. Ila inavutwa na magurudumu ya mbele. Kwenye tope la kupanda, mzigo wote ukiwa nyuma, si itaserereka tu? Mercedes-Benz Sprinter inayosukumwa na magurudumu ya nyuma ingenitoa hapo, lakini ni nyembamba zaidi, na mimi ni mrefu. Toyota HiAce ya zamani, yenye injini chini ya viti, naiamini kwa ugumu, ila kwa upana ndiyo ya mwisho.

Mliowahi kujenga, mlichagua ipi? Kutu mnaikagua wapi kwanza? Na uzito mnaupigiaje hesabu? Maji lita 100 peke yake ni kilo 100, bado mbao, betri na watu.