Picha za mama na ufunguo wa serikali

mtanga_leicester: Wakuu, naishi Uingereza. Kwenye iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, nina picha za marehemu mama na nyaraka za kesi yangu ya ukaazi. Februari 2025 Apple iliondoa huku ule ulinzi wa ziada, ambao ufunguo anabaki nao mwenye simu peke yake, baada ya habari kwamba serikali inadai njia ya kuingia. Sisi tusio na kosa tufanyeje?

bibi_karafuu: Pole, mwanangu. Sheria inayoiruhusu serikali kudai hivyo ni ya 2016, na inaikataza kampuni iliyopewa amri hata kuitaja! Nyaraka zihamishie kwenye diski yako, uifunge kwa nywila.

fundi_simu: Mlango wa uani ukiachwa wazi hauchagui mgeni. Marekani, sheria ya 1994 ililazimisha kampuni za simu ziweke njia ya kunasa mazungumzo. Mwaka 2024 ikabainika wadukuzi wanaohusishwa na China wameingia mpaka kwenye mifumo hiyo hiyo. Na nakala za akiba za mazungumzo yako ya WhatsApp je, umezifunga? Kuna sehemu yake kwenye mipangilio.

mtanga_leicester: Nimezifunga sasa hivi. Kesho nanunua diski. Mama alikuwa hapigwi picha bila mtandio, hata na sisi wanawe.