Wameacha paa la shule lioze, sasa wanataka kodi ya majengo ipandishwe tena. Nakataa!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Jumapili tulikuwa na mkutano wa mtaa, huku kwetu pembezoni mwa Dar. Ajenda ilikuwa taka na ulinzi shirikishi. Katikati ya mkutano kiongozi mmoja akasimama, akasema shule yetu ya msingi ina hali mbaya, fedha za ukarabati hakuna, na njia pekee ni kodi ya majengo ipandishwe. Wanataka wananchi tuunge mkono, halafu pendekezo lipelekwe kwa mbunge kabla ya bajeti ya Juni. Watu walipoanza kunung'unika akatuuliza: "Kwani nyie hamtaki watoto wenu wasomee mahali pazuri?"

Mzee, mwanangu yuko darasa la nne kwenye shule hiyo hiyo. Jengo analosomea nalijua kuliko wewe. Ni la enzi za MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi ulioanza 2002, na wazazi wa mtaa huu ndio waliosomba mchanga na maji ya kulijenga. Mama yangu alikuwemo. Kwa hiyo usije kutufundisha kuipenda shule yetu.

Ngoja niwaeleze paa lile limefikaje hapo lilipo, maana hapa ndipo uongo wote unapoanzia.

Mwanzo kabisa upepo uling'oa mabati mawili upande wa nyuma. Mawili tu. Kamati ya shule ikaandika barua, nakala ikapita kwa mtendaji, ikaenda juu. Mwalimu mkuu akafuatilia mpaka akachoka. Akaja mtu na daftari, akapima, akapiga picha, akaondoka. Masika yakapita, vuli ikapita, maji yanaingia kwenye kenchi kila siku ya mvua. Mbao zikaloa, mchwa wakapanda. Sasa ukiingia darasani unaona siling bodi zimelegea na nyingine zimeshaanguka, na kuna ufa unaotoka kwenye kona ya dirisha mpaka kwenye lenta, mpana kiasi cha kupitisha penseli. Mwanangu alinionyesha yeye mwenyewe, watoto huwa wanachomeka karatasi humo. Mvua ikinyesha mwalimu anasukuma madawati yote upande wa mlangoni, watoto wanabanana wanne wanne hadi watano kwenye dawati moja, somo linaishia hapo.

Kazi ya mabati mawili na misumari, ambayo fundi wa mtaani angeimaliza kabla ya adhuhuri, leo imekuwa paa zima, kenchi zote na ukuta mmoja wa kubomoa. Nani aliyeikuza gharama hiyo? Ni mimi niliyekuwa nalipa kila mwezi, au ni yule aliyekalia barua?

Tuje kwenye hiyo kodi yenyewe. Serikali Kuu iliitoa mikononi mwa halmashauri mwaka 2016 ikaipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Agosti 2021 ikahamishiwa kwenye LUKU, yaani inakatwa unaponunua umeme wa mita, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Julai 2023 ikapanda ikawa 1,500 na 7,500. Hilo ni ongezeko la asilimia 50 kwa mkupuo mmoja. Sasa nauliza, na nataka jibu la maana: tangu Julai 2023 tunalipa nusu zaidi ya tulivyokuwa tunalipa, shule yetu imepata msumari gani kutokana na ongezeko hilo? Niliuliza pale mkutanoni. Nikajibiwa kwamba hizo fedha "haziji moja kwa moja huku". Basi! Kama za sasa haziji, hizo mnazotaka kuongeza zitafikaje? Umesema mwenyewe mbele ya watu kwamba bomba halifiki kwetu, halafu unatuomba tuongeze maji.

Na msiniambie ni hela ndogo. Wanaosema ni ndogo hawanunui umeme wa buku tano tano. Mimi niko kwenye daraja la shilingi 356 kwa uniti. Nikinunua wa 5,000 mwanzo wa mwezi, inakatwa 1,500 kwanza, inabaki 3,500. Napata uniti 9.8 badala ya 14. Na ndani ya hiyo 356 tayari kuna VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) asilimia 1, angalieni risiti zenu. Kwa mama anayeuza barafu na juisi hapa jirani, uniti nne ni friji kuwaka au kuzima.

Halafu haki iko wapi kwenye kiwango kimoja kwa wote? Nyumba ya chini ya vyumba viwili kule Buza na nyumba ya chini yenye bustani na mageti Masaki, wote ni 1,500. Ukipandisha leo ukaweka 3,000, wa Masaki hatasikia chochote, wa Buza atalala giza siku tatu za mwisho wa mwezi. Mnataka kukarabati shule? Anzeni na hilo. Thamani ya jengo ipimwe, mwenye kikubwa atoe kikubwa. Lakini hilo hawalisemi kwa sababu ni kazi, na kubonyeza namba kwenye mfumo ni rahisi.

Mita nazo ni balaa lake. Sheria inamtaka mwenye nyumba ndiye alipe, lakini LUKU haimjui mwenye nyumba, inamkata yeyote anayenunua umeme. Mpangaji analipa, halafu anaambiwa akaelewane na mwenye nyumba wake. Wangapi mmeona wanaelewana? Mimi wapangaji wangu nawapunguzia kwenye kodi ya chumba, lakini najua nyumba nyingi hapa ambako mpangaji akigusia hilo anaambiwa ahame. Nyumba yangu ina mita tatu, na zote tatu zilikuwa zinakatwa kana kwamba nina nyumba tatu. Nilipokwenda kulalamika, ofisi ya kwanza ikanipeleka ya pili, ya pili ikanirudisha ya kwanza, na hela iliyozidi sijawahi kurudishiwa mpaka leo. Bibi mmoja jirani yangu amevuka miaka 70, anaishi peke yake kwenye nyumba yake hiyo moja. Mwenye miaka 60 na kuendelea ana msamaha kwa nyumba anayoishi. Yeye anakatwa kila mwezi, kwa sababu msamaha ni mpaka akaufuate kwenye ofisi, na magoti hayampeleki kituo cha daladala.

Kuna watakaokuja hapa kusema serikali imejenga sana. Ndiyo, imejenga, sibishi. Mkopo wa IMF wa UVIKO-19 ulileta shilingi trilioni 1.3, na vikajengwa vyumba vya madarasa 15,000, kila kimoja milioni 20, na vilisimama kwa wakati kwa sababu kila mkuu wa mkoa na wilaya alipewa tarehe. Kwa hiyo wakitaka, wanaweza. Ila darasa jipya lina siku ya uzinduzi, picha na jiwe la msingi. Kubadilisha bati lililotoboka hakuna kiongozi anayekuja kuzindua. Ndiyo maana madarasa ya zamani yanaachwa yaoze mpaka yawe ya kubomoa, yajengwe upya, wapate cha kuzindua. Na hayo ya 2021 nayo yataanza kuvuja siku si nyingi. Nani ametenga fedha ya kuyatunza? Au nayo tutaletewa kwenye mita?

Sisemi hela hakuna. Kila mwisho wa Machi CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anamkabidhi Rais ripoti, na mwaka baada ya mwaka tunasoma halmashauri zilizokusanya mapato kwa mashine za POS na hayakupelekwa benki. Kamateni hizo kwanza. Mtu anayekusanya ushuru sokoni akaweka mfukoni anakula bati la darasa la mwanangu, na nataka atajwe na ashtakiwe kabla ya mtu yeyote kugusa LUKU yangu.

Elimu bila malipo tumeambiwa tangu Januari 2016. Tumeipokea kwa furaha, na bado tunatoa ya mlinzi, ya mitihani, ya uji, ya tuisheni, na tunatoa bila kelele kwa sababu ni watoto wetu. Nitachangia na bati, nitapanda hata juu ya kenchi na nyundo Jumamosi. Wazazi wengine wako tayari, tumeshaongea. Tunachohitaji ni kibali cha mhandisi wa halmashauri, kwa sababu tukigusa jengo bila kibali tutaambiwa tumeharibu mali ya umma. Kibali hicho kimeombwa. Kimya.

Nataka mambo haya kabla sijasikia tena habari ya kupandisha kodi. Ubao wa matangazo wa shule ubandikwe kiasi kilichoingia kwa ajili ya ukarabati na kilivyotumika, mwaka kwa mwaka tangu 2021. Halmashauri iweke fungu la ukarabati kwenye mapato ya ndani, lisomwe kwenye baraza la madiwani, na diwani wetu aje kulisoma hapa mtaani kwa sauti. Wazee waondolewe kwenye makato bila kuzungushwa, tarehe zao za kuzaliwa zipo NIDA, kwenye vitambulisho vya taifa.

Kiwango cha kodi hii hakipangwi mtaani, kinapangwa bungeni kwenye Muswada wa Sheria ya Fedha, mwezi Juni, na Kamati ya Bajeti huwa inaita wananchi kutoa maoni. Naandaa barua ya kupinga. Kama nyumba yako inakatwa kwenye zaidi ya mita moja, au kuna mzee wa miaka 60 anakatwa nyumbani kwako, weka hapa chini mtaa wako na picha ya risiti, ficha namba ya mita. Nitaziambatanisha zote. Na walio na watoto kwenye madarasa yanayovuja, pigeni picha mvua inaponyesha, siyo kiangazi.