Viwanda vinavyokwangua majina ya chipu vinatukomoa mafundi makusudi

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Naomba mnisome mpaka mwisho.

Nina bodi ya pawa saplai mezani. Ugonjwa nimeshaupata: mosfeti (transista inayowasha na kuzima umeme) imepiga shoti, ikaondoka na rezista ya fyuzi na chipu ya miguu sita inayoiendesha. Mosfeti ina jina, naipata. Fyuzi naipata. Chipu imekwanguliwa mgongo! Wala si joto lililofuta maandishi. Ukiiweka chini ya lenzi unaona mikwaruzo imenyooka, yote upande mmoja, kazi ya mashine. Mtu alilipwa kufanya hivyo.

Msiniambie wanalinda ubunifu. Mshindani mwenye pesa anaiyeyusha ganda kwa asidi, anaitazama silikoni kwa hadubini, anajua ni kitu gani. Anayezuiwa ni fundi mwenye mita, pamoja na mwenye kifaa anayeambiwa anunue bodi nzima kwa sababu ya chipu ndogo kuliko punje ya mchele. Wengine hawakwangui, wanaagiza chipu ya kawaida kabisa ichapwe namba yao ya ndani, namba ambayo hakuna muuzaji wa vipuri anayeijua. Ni hila ileile.

Nakubali kwamba vipuri vingine havina nafasi ya maandishi. SOT-23, umbo dogo la miguu mitatu, ina urefu wa kama milimita 3, kwa hiyo huchapwa msimbo wa herufi mbili tatu. Lakini kila kiwanda kinajipangia wake. "1A" huku ni BC846A, kule ni MMBT3904. Hizo angalau zote ni transista za aina moja, NPN, ingawa moja inahimili volti 65 na nyingine 40. "A1" je? Inaweza kuwa BAW56, yaani daiodi mbili, na inaweza kuwa Si2301, mosfeti ya P. Umbo lilelile, miguu mitatu ileile, na ndani ya umbo hilo hukaa hata TL431, chipu ya kurekebisha volti. Halafu unakuta mtu anajibu kwa kujiamini, "hiyo ni transista mkuu, weka yoyote", hajauliza hata iko sehemu gani ya saketi. Upande wa umeme mkubwa, volti 230 zikishageuzwa DC (umeme wa mwelekeo mmoja) zinafika kama 325. Ushauri wa namna hiyo unaua kifaa na unaweza kuua mtu. Acheni!

Kapasita za kauri ndizo zinaniumiza zaidi, kwa sababu hazina hata alama. Ikishapiga shoti, mita haiwezi kukuambia ilikuwa mikrofaradi ngapi. Ukiing'oa jirani yake inayofanana nayo ukaipima, unapata mikrofaradi tu. Volti inazohimili hujui, aina ya kauri hujui, na nyingi hupungua uwezo sana zikiwekewa volti ya DC. Rezista zina utaratibu unaoeleweka: 103 ni kiloomu 10, na 01C ni kiloomu 10 ya asilimia 1. Kumbe wakitaka wanaweza kukubaliana.

Redio na televisheni za zamani nyingi zilikuja na mchoro wa saketi, nyingine umebandikwa ndani ya kasha. Leo mchoro huo umo kwenye kompyuta ya kiwanda, kuutoa hakuwagharimu kitu, na bado wanaufungia. Wakishindwa mchoro, watoe basi orodha ya vipuri vya bodi na thamani zake.

Chipu yangu nimeifuatilia mguu kwa mguu. Wa 1 uko grauni, wa 2 unatoka optokapla (inayopitisha ishara kwa mwanga), wa 3 haujaungwa popote, wa 4 unasoma rezista ya omu ndogo kwenye sosi ya mosfeti (mguu unaopitisha mkondo), wa 5 unalishwa na koili saidizi ya transfoma, wa 6 unakwenda geti, mguu unaoiamuru mosfeti. Kwa hiyo ni kidhibiti cha PWM, yaani kinachoiwasha na kuizima mosfeti kwa kasi, na zipo nyingi zenye mpangilio huu huu. Kinachonikwamisha ni masafa yake, volti inayowakia, na jinsi inavyojikinga mzigo ukizidi. Vitu hivyo huwezi kuvisoma kwenye chipu iliyokufa.

Mwenye bodi inayofanya kazi yenye mpangilio huu, naomba masafa kwenye geti na volti ya mguu wa 5 ikiwa na mzigo. Tumia transfoma ya kutenganisha bodi na umeme wa ukutani kabla ya kugusa upande huo na oskiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme). Na kama chipu yako ina jina linalosomeka, liandike hapa kamili, na picha ya bodi pande zote mbili.