Mjomba anataka kupitisha korosho za kangomba kwa jina la mama, na ada ya chuo sina

Mwana wa Tandahimba

Wakuu, habari za kutwa. Nina miaka 21, mtoto wa kwanza kwa mama, baba hatuko naye. Nimepata nafasi ya chuo Mtwara mjini, mkopo nimekosa, na chuo kinafunguliwa minada ya korosho ikiwa ndiyo kwanza imeanza.

Shamba la mama ni ekari 3, mwaka mzuri tunatoa kilo 600 na kitu. Mimi ndiye ninayelihangaikia: palizi, kupuliza salfa (dawa ya mikorosho), kuokota, kupeleka ghala la ushirika. Jina kwenye usajili ni la mama na malipo huingia kwenye akaunti yake.

Sasa mjomba. Tangu masika anatoa pesa kwa watu ili wamlipe korosho msimu ukifika, ndiyo hiyo kangomba. Anadai kama tani 2, na hana shamba la kutoa mzigo huo. Ameniambia zipite kwa jina la mama, nami kila kilo nipate 300. Hiyo ni 600,000, wakuu. Nalipa ada ya kuanzia na chumba napanga.

Yananikaba mawili. Mjomba huyu ndiye aliyeninunulia sare na madaftari tangu darasa la kwanza, ndiye aliyenipeleka jandoni. Watu wa kusini mnajua mjomba kwetu ni nani. La pili, ndani ya tani hizo kuna kilo 60 za mama mmoja jirani, namwita shangazi, nimekula kwake mara nyingi mama akiwa shamba. Mwezi wa tatu mwanawe aliumwa, akachukua 60,000 kwa mjomba ampeleke Ndanda. Yaani kilo kwa 1,000, na msimu uliopita mnadani tuliuza kwa zaidi ya 3,000. Lakini mtoto alipona. Pesa ya mjomba ndiyo iliyompeleka hospitali, na wakati ule hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Ndiyo maana siwezi kumwita mjomba mnyonyaji nikamaliza.

Zamani ningejibu haraka kwamba ni dhambi. Sasa nina ada mbele yangu. Nataka kusoma, na nataka niweze kumwamkia shangazi bila kuinamisha uso. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Nanyamba Kwetu

Dogo, chukua. Ukikataa, zile kilo 60 hazirudi kwa shangazi yako, zitapita kwa jina la mwingine wiki hiyohiyo. Nafasi ya chuo ukiiacha huna uhakika wa kuipata tena. Soma, ukipata kazi msaidie kwa mkono wako. Siidharau dhamiri yako, ila umaskini nao unaharibu watu, nimeona.

Mkulima wa Newala

Mwanangu, mimi niko upande wa huyo shangazi. Nilishauza korosho zingali maua. Siku ya kupokea pesa haiumi, siku hiyo unashukuru na unamwombea dua aliyekupa. Inauma mwezi wa kumi. Unaokota chini ya mikorosho yako mwenyewe, mgongo umekatika, unanyofoa mabibo, unaanika, halafu mtu anakuja na bakuli lake. Analijaza mpaka korosho zinasimama kama kichuguu juu ya ukingo, na hicho kichuguu hakihesabiwi. Mizani haipo. Wenzako wakilipwa wewe unapata kidogo, kwa hiyo masika yakirudi huna kitu, unamfuata yuleyule. Kutoka humo ni kazi ya misimu.

Kaka wa Nanyamba anasema kweli, kukataa kwako hakumrudishii shangazi kilo zake. Ila atajua zimepita kwenu. Kijijini siri ya ghala haipo.

Karani Mstaafu, Nachingwea

Mjukuu wangu, nimeshika vitabu vya ushirika miaka mingi. Katika maelezo yako yote sijaona mama anasema nini, na jina ni lake.

Ekari 3 za kilo 600 zikitoa 2,600, atakayeulizwa ni yeye. Kangomba ni marufuku. Mwaka 2018, serikali ilipozinunua korosho kwa 3,300 kilo, wenye zaidi ya kilo 1,500 walitakiwa kuhakikiwa mashamba. Likitokea tena jambo kama lile, wewe uko chuoni na mama yako anaonyesha mikorosho ambayo hana. Mjomba anachukua faida, wewe 300, na mama anabaki na kesi.

Kwa mjomba usiende na neno dhambi, mpwa hamwambii mjomba hivyo. Nenda asubuhi, bibi yako awepo kama yu hai, umwombe ada. Omba kama mpwa, si kama mshirika wa biashara. Mbele ya mama yake mzazi atapata shida kukukatalia. Na akikataa, utakuwa hujauza jina la mtu.

Mwana wa Tandahimba

Shikamoo babu, na asante mama wa Newala. Nimemuuliza mama jana. Alikuwa hajui lolote, mjomba alitaka nimweleze mzigo ukishafika ghalani. Amekataa palepale, na amekasirika kwamba niliwauliza watu wa mbali kabla yake. Kwa hiyo hizo 600,000 hazipo tena, na naumia, sitaficha. Hata mama angekubali, baada ya habari ya bakuli nisingeweza.

Bibi yupo, tunakwenda kwa mjomba Jumapili. Kilo 60 za shangazi bado zinanisumbua. Nataka nimwombe mjomba angalau zipimwe kwa mizani, sijui atalipokeaje.

Nanyamba Kwetu, umeniambia ukweli kuhusu umaskini na sijakasirika. Bomba la mota tunalo, na huku mikorosho mingine imechelewa kutoa maua, watu bado wanapuliza. Huko kwenu kijana mwenye bomba lake analipwa kiasi gani kwa mti, salfa ikiwa ya mwenye shamba?