Kikundi cha Ukoo, Tanga: buibui chini ya mbuzi ya nazi

Mariamu: Shikamooni nyote. Nimeinua mbuzi ya nazi pale baraza ya nyuma nikune nazi, chini yake nakuta buibui wa kahawia, tumboni ana alama ya rangi ya machungwa. Pembeni yake kuna vifuko viwili vya mayai, vimejaa vichongo kama miba pande zote. Picha hiyo hapo. Asubuhi Idi alikuwa amekalia mbuzi hiyohiyo anacheza 😟

Shangazi Mwanahawa: Marahaba mwanangu. Ya Rabi! Mtoto mzima?

Mariamu: Mzima shangazi. Nimemvua nguo zote nikamkagua, hana hata alama.

Mjomba Athumani: Pulizeni dawa ya wadudu nyumba nzima, fungeni milango mpaka jioni. Hatabaki hata mmoja.

Wifi Rukia: Mjomba shikamoo. Mimi na hii pumu yangu, halafu na mimba, dawa ile ikipulizwa ndani usiku silali. Hakuna njia ya kienyeji? Nasikia limau linawafukuza.

Dada Zuhura: Mariamu asante kwa picha, ameonekana vizuri. Ile alama ya tumboni, pembetatu mbili zimekutana ncha, ndiyo ya kutazama. Na vifuko vyenye vichongo ndiyo vinathibitisha kabisa. Kitaalamu anaitwa Latrodectus geometricus, huyu kweli ana sumu. Mwili wake hauzidi sana sentimita moja, kwa hiyo watu wanampita bila kumwona. Hamfuati mtu. Anauma akibanwa: umemkalia, umeshika mahali alipo, umevaa kiatu alichoingia. Mtu mzima mara nyingi anabaki na maumivu palepale alipoumwa. Kwa mtoto mdogo, mjamzito na mzee hatusubiri kuona itakuwaje.

Mjomba, kwa heshima zote, dawa ya kupuliza inampata aliye wazi. Huyu anakaa uvunguni, na mayai yake yamefunikwa ndani ya kifuko. Mtavuta nyinyi hiyo dawa, yeye amejificha.

Mjomba Athumani: Haya nesi wetu, tuelekeze basi.

Bibi (namwandikia mimi Mariamu): Bibi anasema msiue buibui ovyo. Buibui alitanda utando mlangoni mwa pango, Mtume s.a.w. akasitirika. Mwenye sumu aliye kwenye njia ya mtoto aondoshwe, hilo halina ubishi. Wengine muwaache na maisha yao.

Dada Zuhura: Shikamoo bibi. Na mimi nasema hivyohivyo. Yule mpana bapa anayejibandika ukutani, na yule wa miguu mirefu myembamba kwenye pembe za dari, hao wanatusaidia kula mbu na mende. Mijusi kafiri nao msiwafukuze, wanakula wadudu na buibui pia. Tukiwamaliza hao wote tumebaki na nini?

Baba Idi: Sasa huyu wa kwenye mbuzi tunamtoaje? Nimesimama hapa na ufagio.

Dada Zuhura: Ufagio utamrusha, usijue ameangukia wapi. Chukua kijiti kirefu, vaa viatu vya kufunika, na kama una glavu za shambani vaa. Zungusha kijiti kwenye utando kama unakunja uzi, utaona nyuzi zake ngumu, zinakatika kwa sauti. Yeye atakuja na utando wake. Tumbukiza kijiti chote kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Vile vifuko viviringe humohumo, au viponde chini ya kiatu. Usiviache hata kimoja, ndani ya kila kimoja mayai yanaweza kupita mia.

Baba Idi: Sawa.

Hamisi (Kansas City, Marekani): Assalaam alaykum wapendwa. Huku ndiyo kunakucha, nimekuta ujumbe wenu. Sisi wetu ni mwingine, wa kahawia pia, ana alama ya fidla mgongoni, na macho sita badala ya manane. Anapenda makatoni, nguo zilizorundikwa na viatu visivyovaliwa. Nilipofika huku niliogopa sana, mpaka nikasoma habari ya nyumba moja ya zamani Lenexa, hapa jirani na sisi. Mwaka 2001 waliwakusanya buibui hao 2,055 ndani ya miezi sita, na familia iliyokuwa ikiishi humo hakuna hata mmoja aliyeumwa. Hofu ikapungua, uangalifu nikabaki nao.

Tunachofanya hapa kwangu: kitanda hakigusi ukuta, shuka haziburuti chini. Makatoni yote tumetupa, nguo za msimu zinakaa kwenye maboksi ya plastiki yenye mfuniko. Kiatu hakivaliwi kabla ya kukung'utwa. Na tunatandika mitego ya gundi kandokando ya kuta.

Mariamu: Kaka hiyo gundi hapa kwetu tutanasa mijusi tu, na Idi ataikanyaga.

Hamisi (Kansas City): Kweli, hilo sikuliwaza. Basi ya huko iacheni.

Wifi Rukia: Na limau langu hamjalijibu 🍋

Dada Zuhura: Limau lako tumia kwenye kachumbari mama. Kuna utafiti ulitoka 2018, walimjaribu buibui huyuhuyu wa kwenye picha pamoja na wengine. Mafuta ya limau hayakumfanya lolote. Mafuta ya mnanaa yalimfukuza vizuri. Lakini ilikuwa maabara, nyumbani kwetu harufu inapeperuka, inabidi urudie kila mara. Matone machache kwenye chupa ya kupulizia yenye maji, tikisa, pulizia vizingiti vya madirisha na pembe za milango. Usipulizie kitandani, na usiiache chupa mahali Idi anapofika. Yale mafuta makali yakiwa hayajachanganywa yanaunguza ngozi ya mtoto, na paka akiyalamba yanamdhuru.

Hata hivyo mimi nisingeanzia kwenye mnanaa. Ningeanzia nyuma ya jiko.

Shangazi Mwanahawa: Yale makumbi!

Dada Zuhura: Ndiyo, makumbi na vifuu. Lundo limeegemea ukuta, chini pana giza, pakavu, hapaguswi. Hapo ndipo wanapozaliana, halafu ndani wanaingia kupitia ule mwanya wa mlango wa jikoni.

Bibi (namwandikia mimi Mariamu): Bibi anasema makumbi ni kuni zake, hayatupwi. Mkaa umepanda bei, nani atamnunulia?

Mjomba Athumani: Mama shikamoo. Hayatupwi. Nitakutengenezea chanja kule kwenye mwembe, mbali na ukuta, makumbi yakae juu yapate hewa na jua. Miti ninayo.

Bibi (namwandikia mimi Mariamu): Marahaba. Anasema hapo sawa, ila chanja isiwe juu sana, mkono wake haufiki.

Dada Zuhura: Na kabla ya kuchukua kumbi, ligongwe kwanza kwa fimbo. Bibi asitie mkono katikati ya lundo. Hata ndoo iliyofudikizwa, viti vya plastiki vilivyopandishwa, sufuria kuukuu, vyote vichunguliwe uvunguni kabla ya kushikwa. Mbuzi ya nazi ikishatumika itundikwe ukutani jikoni, isilale chini barazani.

Baba Idi: Ameshatoka. Yuko kwenye ndoo pamoja na vifuko vyote viwili. Nimechungulia viti, chini ya kimoja kuna utando mtupu, nimeufagia.

Shangazi Mwanahawa: Alhamdulillah.

Baba Idi: Ule mwanya wa mlango nina mpira wa tairi la baiskeli, nitaukata kipande nikipigilie chini ya ubao. Matundu ya hewa nitayafunika kwa wavu wa mbu, uliobaki pale chumbani unatosha. Nyufa za ukuta wa nyuma nikipata saruji kidogo.

Hamisi (Kansas City): Na taa ya baraza je? Ikiwaka usiku kucha inavuta wadudu, na buibui anakaa palipo na chakula. Izimeni mkilala, au muweke ya njano, wadudu hawaijii sana kama ile nyeupe.

Wifi Rukia: Dada Zuhura, sasa Mungu aepushe, mtu akiumwa? Bibi ana lile jiwe la nyoka kabatini.

Dada Zuhura: Jiwe lile liachwe kabatini, halinyonyi sumu. Msichanje, msifyonze kwa mdomo, msifunge kamba, msipake mafuta ya taa. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, inua mkono au mguu ulioumwa, mpe panadoli. Maumivu yakianza kupanda, tumbo likakaza, jasho likamtoka, anatapika au anapumua kwa shida, hospitali hapohapo. Mtoto, mzee na wewe Rukia mnaondoka mara moja bila kusubiri dalili. Mkiweza kumpiga picha buibui, njooni nayo.

Na jambo moja nakutana nalo sana kazini. Mtu anakuja na kidonda kimevimba, anasema ni buibui, na hakuna aliyemwona huyo buibui. Vingi ni vijidudu vya ngozi, vinataka dawa yake. Kidonda kinachopanuka kisikaliwe nyumbani kwa kukisingizia buibui.

Mariamu: Nimekuelewa dada. Nimekung'uta viatu vyote vya mlangoni, vyandarua tunachomeka chini ya godoro kuanzia leo. Idi nimemwonyesha ile picha, nimemwambia akimwona asimshike, aje aniite.

Mjomba Athumani: Nakuja kesho baada ya alfajiri na miti ya chanja. Baba Idi, weka nyundo na misumari tayari. Rukia usibebe kumbi hata moja, kaa mbali na lile lundo.

Wifi Rukia: Sawa mjomba. Chai na mihogo nitapika mimi.